Tangu Lini? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Kumwaga Mbegu Mapema

Kati ya barua zilizonifikia kwa ajili ya toleo hili, nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Wako wanaoandika "kufika kileleni mapema", wako wanaoandika "kumaliza haraka", na wako ambao kalamu imewagomea kabisa wakaishia kuandika "ule udhaifu wetu". Nimechagua tano, na majibu yake hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito. Naomba msomaji aliangalie swali ambalo mimi humrudishia karibu kila anayeniandikia: hali hii imeanza lini? Jibu lake hubadilisha karibu kila kinachofuata, kuanzia chanzo tunachokitafuta hadi dawa tunayoiandika.

Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 28, nimeoa mwaka jana. Tangu nilipoanza kukutana kimwili na mwanamke sijawahi kufikisha dakika moja, na mara nyingine namwaga nikiwa ndiyo kwanza naingia. Rafiki zangu wanasema haya ni matokeo ya punyeto niliyokuwa nikipiga nilipokuwa kijana, kwamba mishipa imelegea. Je, ni kweli? Na je, nitapona?

Marahaba, ndugu yangu. Niyaondoe kwanza hayo ya punyeto, maana naona yamekulemea kuliko tatizo lenyewe. Hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba kujichua hulegeza mishipa ya uume na kumfanya mtu amwage mapema. Isitoshe, mbegu hazizuiwi na mshipa ambao ukilegea zinamwagika. Kumwaga ni tendo la neva, linaloendeshwa na uti wa mgongo chini ya uangalizi wa ubongo. Msisimko unapofikia kiwango fulani, neva huamuru mirija ya mbegu, vifuko vya shahawa na tezi dume vimimine majimaji yake kwenye mrija wa mkojo, na wakati huohuo shingo ya kibofu hujifunga ili shahawa isirudi nyuma. Hiyo ni hatua ya kwanza, nayo mwanamume huitambua kwa ile hisia kwamba sasa hakuna kurudi. Hatua ya pili ni misuli ya chini ya nyonga kubana na kuachia mara kadhaa mpaka shahawa itoke. Hatua ya kwanza ikishaanza, hakuna kukaza meno wala kuwazia mambo mengine kutakakoizuia, na ndiyo maana matibabu yote yenye maana hulenga kipindi kilicho kabla yake.

Kinachofanya kiwango hicho kifikiwe upesi au polepole ni, kwa sehemu kubwa, kemikali za ubongo, hasa serotonini, ambayo katika njia fulani za neva hufanya kazi ya kuchelewesha. Kwa mwanamume ambaye amekuwa hivi tangu mara yake ya kwanza, na kwa kila mwanamke, maelezo yanayokubaliwa zaidi na wataalamu ni kwamba ucheleweshaji huo ni dhaifu kwa maumbile yake, kama vile mwingine alivyozaliwa na usingizi mwepesi. Kwa hiyo hukujiletea, na hukuadhibiwa.

Je, hali yako inastahili kuitwa ugonjwa? Mwaka 2014 jopo la chama cha kimataifa cha madaktari wa afya ya tendo la ndoa lilitoa maelezo ambayo wengi wetu tunayafuata, nayo yana mambo matatu yanayopaswa kukutana kwa pamoja. La kwanza ni muda: kumwaga kabla ya kuingia au ndani ya takriban dakika moja baada ya kuingia, daima au karibu daima, kwa aliye hivyo tangu mwanzo, au muda kupungua kwa kiasi cha kusumbua, mara nyingi hadi dakika tatu au chini ya hapo, kwa aliyepatwa na hali hiyo baadaye. La pili ni kushindwa kujizuia katika mara zote au karibu zote. La tatu ni madhara yanayompata mhusika, kama huzuni, fadhaa au kuanza kulikwepa tendo lenyewe. Wewe, kwa maelezo yako, unayo yote matatu.

Tuje kwenye kupona. Sitakuahidi kwamba utakunywa dawa kwa mwezi mmoja kisha uisahau, kwa sababu kwa hali ya tangu mwanzo tiba hufanana zaidi na miwani kuliko na dawa ya malaria: hukusaidia unapoitumia. Lakini inasaidia kweli, na hilo nalisema bila kusita.

Anza na zoezi ambalo daktari wa Marekani, James Semans, alilieleza mwaka 1956. Uume usisimuliwe kwa mkono, wako au wa mkeo, mpaka ukaribie ile hisia ya kutorudi, kisha mkono uachwe kabisa hadi msisimko ushuke, ndipo mwanze tena. Rudieni mara tatu, na mara ya nne uache mbegu zitoke. Mkizoea kwa mkono mkavu, tumieni kilainishi, kisha mhamie kwenye kuingia bila kusukuma, na mwisho kusukuma polepole. Baadaye, mwaka 1970, Masters na Johnson walieneza namna nyingine ambayo mke hubana shingo ya kichwa cha uume kwa vidole wakati wa kusitisha msisimko. Mimi huwapendekezea watu ile ya kwanza, kwa kuwa ni nyepesi na haimfanyi mke kuwa muuguzi kitandani. Jambo la kuzingatia ni kwamba zoezi hili linataka majuma mengi ya subira ya watu wawili, na wanaume wengi hurudi walikotoka wakiliacha. Kwa mtu asiyefikisha dakika moja, mara nyingi haliwezi peke yake. Thamani yake kubwa ni kumfundisha kuutambua mwili wake.

Kwa hiyo kwako wewe nafikiria pia dawa. Ya kupaka ni krimu au dawa ya kupulizia yenye ganzi, yaani lidokeini, mara nyingi ikichanganywa na prilokeini. Hupakwa kidogo kwenye kichwa cha uume, kwa muda unaotajwa kwenye maelezo ya dawa husika, ambao kwa krimu ni kama dakika 10 hadi 20 kabla ya tendo, kisha hufutwa au kuoshwa. Ukipaka nyingi au kuiacha muda mrefu, uume utakufa ganzi na kulala, na usipoifuta, mkeo naye atapata ganzi ukeni na kukosa raha mliyokuwa mnaitafuta. Kondomu humkinga na hilo, ila soma kwanza kama dawa hiyo inapatana na aina ya kondomu mnayotumia, kwa sababu baadhi huiharibu.

Za kumeza ni za kundi linaloongeza kazi ya serotonini, ambalo asili yake ni matibabu ya sonona. Usishtuke daktari akikuandikia dawa ambayo karatasi yake inataja ugonjwa wa akili. Kuchelewesha kumwaga kuligunduliwa kama athari yake ya pembeni, kisha kukageuzwa kuwa faida. Paroksetini, setralini na nyingine za jamii hiyo humezwa kila siku, na nguvu yake huanza kuonekana baada ya siku 5 hadi 10, ikikamilika baada ya wiki mbili au tatu. Paroksetini ndiyo inayochelewesha zaidi. Iko pia dapoksetini, iliyotengenezwa mahsusi kwa tatizo hili, ambayo humezwa saa moja hadi tatu kabla ya tendo na hutoka mwilini upesi. Imeidhinishwa katika nchi nyingi, ingawa Marekani haikuidhinishwa. Inaweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na hata kuzimia, hivyo haichanganywi na pombe, haimfai mwenye moyo dhaifu au ini lenye ugonjwa, na haipatani na baadhi ya dawa za fangasi na za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Mtajie daktari kila dawa unayomeza. Zile za kila siku zisikatishwe ghafla, kwa maana mwili hulalamika kwa kizunguzungu, usingizi mbaya na hasira. Na kwa vijana wa chini ya miaka 25, au mtu aliyewahi kuwa na mawazo ya kujiua, daktari lazima ajue mapema na kumfuatilia kwa karibu. Na kwa kuwa umeoa mwaka jana, nitakuuliza pia kama mnatafuta mtoto sasa, kwa sababu paroksetini inaweza kupunguza ubora wa mbegu kwa muda ambao unaitumia.

Daktari, nina miaka 47. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwa na shida yoyote. Tangu mwaka jana namaliza ndani ya dakika mbili, na uume haushiki nguvu kama zamani, hivyo inanibidi niharakishe kabla haujalala. Nimenunua dawa ya ganzi na hali imekuwa mbaya zaidi. Nifanyeje?

Kaka yangu, acha hiyo ganzi leo. Umeandika sentensi moja ambayo ndiyo barua nzima: unaharakisha kabla haujalala. Tatizo lako la kwanza si kumwaga, ni kusimama. Mwanamume ambaye uume wake unamsaliti katikati ya safari hujifunza, bila kukusudia, kukimbilia mwisho, na baada ya miezi kadhaa mwili hushika mwendo huo. Ganzi imepunguza hisia ambazo uume uliozidiwa ulikuwa ukizitegemea ili kusimama. Mkikutana na wanaume wenzako mkaulizana "dawa gani inachelewesha", hakuna atakayekuuliza kama unasimamisha, na hapo ndipo wengi hupotea.

Kwa mtu wa umri wako, kupungua kwa nguvu za kusimamisha ni habari ambayo mishipa ya damu inatuma. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, na inapoanza kuziba au kukakamaa huweza kuonyesha dalili miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Kwa sababu hiyo nenda ukapimwe shinikizo la damu, sukari na mafuta kwenye damu, hata kama unajiona mzima. Mweleze daktari dawa unazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo na za sonona hudhoofisha usimamaji. Kama ni mvutaji wa sigara, hapo pana sababu nyingine ya kuiacha.

Yapo mengine mawili ambayo ningependa yaangaliwe kwa mtu ambaye hali imemjia ukubwani. Moja ni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ambayo ikitoa homoni kupita kiasi humfanya mtu apungue uzito huku akila vizuri, atokwe jasho, moyo uende mbio, mikono itetemeke, na pia amwage mapema. Kipimo chake ni cha damu, na wengi wanaotibiwa tezi hiyo huona muda wao ukirudi bila dawa nyingine yoyote. La pili ni uvimbe wa tezi dume unaotokana na maambukizi au sababu nyingine, hasa kama una maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, maumivu wakati wa kumwaga, au mkojo unaounguza.

Ikithibitika kwamba usimamaji ndio chanzo, dawa za aina ya sildenafili au tadalafili husaidia mambo yote mawili, kwa sababu mwanamume anayeamini kwamba uume wake utasubiri hana haja ya kukimbia. Lakini usizinunue kabla ya kuonana na daktari. Mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akizichanganya na hizi, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka kwa kiasi cha kuua.

Mazoezi ya misuli ya nyonga nayo nayapenda kwa mtu kama wewe, kwa kuwa yanasaidia kusimama na kujizuia pia. Misuli yenyewe ni ile unayoibana kuzuia gesi isitoke mbele za watu. Ibane kwa sekunde tano, iachie kwa sekunde tano, mara kumi, mara tatu kwa siku, bila kubana makalio wala kuzuia pumzi. Kuachia ni muhimu sawa na kubana. Wapo ambao misuli hiyo imekakamaa muda wote, na kwao kuibana zaidi kunawaharakisha. Jipe miezi mitatu kabla ya kuhukumu.

Daktari, mimi ni mke. Mume wangu akimaliza, huondoka kitandani bila neno, na siku hizi hata kunishika ameacha. Nikimwambia twende hospitali anasema namdharau. Tumeoana miaka miwili na hatujapata mtoto. Je, hiyo ndiyo sababu? Na niseme naye vipi?

Dada yangu, barua yako imenigusa kuliko zote, kwa kuwa imeonyesha jambo ambalo saa haiwezi kulipima. Mume wako hajaacha kukutaka. Anakukwepa kwa sababu kila mguso anauona kama mtihani ambao matokeo yake anayajua, na aliyekwishajua kwamba atashindwa huona heri asiingie chumba cha mtihani. Wewe unasoma ukimya wake kuwa ni kukuchoka, naye anasoma ombi lako la kwenda hospitali kuwa ni hukumu. Wote wawili mnasoma vibaya.

Usiyaseme mambo haya kitandani, wala mara baada ya tendo. Tafuta saa ya mchana mkiwa mmetulia, na uanze na kile unachokikosa badala ya kile anachokosea. "Nimekumbuka ulivyokuwa ukinishika" ni mlango. "Unamaliza haraka" ni ukuta. Mwambie kwamba kwa kipindi fulani, tuseme majuma mawili au matatu, hamtaingiliana kabisa, mtashikana na kupapasana tu. Hii ni hatua halisi ya tiba ambayo washauri wa ndoa huitumia, kwa sababu pasipo mtihani hofu hukosa cha kushikilia. Na jambo ambalo wanaume wengi hawajui, nawe unaweza kumfundisha kwa upole: wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa peke yake hata dakika ziwe nyingi namna gani, kwa sababu kiini cha msisimko wao ni kinembe. Mikono na midomo haina mwendo wa saa. Mume anayejua kwamba mkewe anaweza kuridhika kabla hajaingia huingia akiwa mtu mwingine.

Kuhusu mtoto, kumwaga mapema hakuzuii mimba ilimradi mbegu zinamwagwa ndani ya uke, hata ikiwa ni baada ya sekunde chache. Kama mara nyingi anamwaga nje kabla ya kuingia, hapo ndipo ugumba unaweza kutokana nalo. Kwa vyovyote vile, miaka miwili ya kutafuta bila kinga imepita ule mwaka mmoja ambao sisi madaktari huuhesabu, kwa hiyo nendeni mkapimwe nyote wawili, yeye mbegu zake na wewe mayai na mirija yako. Safari hiyo ya kutafuta mtoto inaweza ikawa ndiyo njia ya heshima ya kumfikisha mbele ya daktari, ambako hilo jingine nalo litasemwa.

Nina miaka 22, sijaoa. Nimejipima mara kadhaa, naishia dakika saba au nane. Kwenye video wanaume wanakwenda nusu saa. Kuna dawa ya kuongeza?

Kijana wangu, huna ugonjwa. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wapenzi 500 katika nchi tano, yaani Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani, ambapo muda ulipimwa kwa saa tangu kuingia hadi kumwaga. Mtu wa katikati kabisa alitumia dakika 5.4, waliobaki walitawanyika kuanzia nusu dakika hivi hadi dakika 44. Wewe umemzidi mtu wa katikati. Video hizo hukatwa na kuunganishwa, na wanaoonekana ndani yake wamechaguliwa na kulipwa kwa kazi hiyo, hivyo kujipima kwazo ni kujidhulumu. Hata siku utakapomaliza kwa dakika moja kwa sababu ya uchovu, ugeni wa mtu uliye naye au siku nyingi za kukaa bila tendo, usijiandikie ugonjwa. Hiyo ni siku moja, na mwili una siku za namna hiyo. Dawa za kuchelewesha kwa mtu aliye mzima huongeza athari mbaya bila kuongeza faida.

Mimi nimekuwa nikivaa kondomu mbili na kumeza tramadoli kabla ya tendo, nayo inanisaidia. Ila sasa bila hiyo dawa siwezi kabisa, na nimeongeza vidonge. Kuna ubaya?

Upo, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kuandika kwa uwazi. Kondomu mbili husuguana na kupasuka kirahisi kuliko moja. Tumia moja, na ukitaka hisia zipungue tafuta ile nene. Kuhusu tramadoli, ni kweli kwamba huchelewesha kumwaga, lakini ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, na hayo uliyoyaeleza, kuongeza vidonge na kushindwa bila hivyo, ndiyo maana halisi ya uraibu. Kadiri vidonge vinavyoongezeka ndivyo hatari ya degedege na ya pumzi kukatika inavyopanda, hasa ukichanganya na pombe, dawa za usingizi au zile dawa za serotonini nilizozitaja juu. Hata hivyo usiitupe leo ukakaa bila kitu. Kuacha ghafla huleta maumivu ya mwili, jasho, kuharisha na kukosa usingizi, na mojawapo ya dalili za mwili uliokatiwa dawa za jamii hiyo ni kumwaga mbegu upesi kuliko hata ilivyokuwa kabla hujaanza. Wengi hukutana na hali hiyo, wakadhani ugonjwa wao umerudi kwa nguvu mpya, wakakimbilia vidonge tena. Nenda kwa daktari ukiwa na hesabu ya kweli ya unavyomeza kwa siku, akupunguzie hatua kwa hatua. Na umweleze ulikuwaje kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu hapo ndipo matibabu yako ya kumwaga mapema yatakapoanzia.